Safari ya Nne kwa Basili

"Bado anaongea?" Mzee Hermani aliuliza kabla hata hajaitikia shikamoo.

Godlisten, askari wa zamu langoni, alishusha barakoa hadi kidevuni. "Anaongea kwa shida, baba Basili. Ana changamoto ya kupumua."

"Changamoto! Si useme ni korona?"

Hii ilikuwa safari ya nne kutoka Maretadu mpaka gerezani. Ya kwanza, aliambiwa hakuna kuonana na wafungwa mpaka ugonjwa upite. Ya pili, miche yake miwili ya sabuni ilipokelewa, na Basili hakuiona. Ya tatu, aliambiwa daktari anakuja Alhamisi, ila Alhamisi ipi hakuna aliyejua. Subira huvuta heri, wanasema. Ya Mzee Hermani ilikuwa imevuta mafua tu, na sasa ilikuwa imemwisha.

"Chumba wanacholala ni cha watu wangapi?"

"Ishirini."

"Na wamo wangapi?"

Godlisten alitazama viatu vyake. "Sitini na kitu. Na maji yanatoka asubuhi tu. Mimi mdogo hapa, mzee, nifanyeje?"

"Niitie mkubwa wako! Hakimu alimpa Basili miaka ishirini, hakumpa kifo. Mtu akifungwa hajaacha kuwa mtu. Apelekwe hospitali leo hii!"

"Mkuu yuko kwenye kikao."

Mzee Hermani akakaa chini katikati ya lango, akanyoosha miguu kama anayeota jua nyumbani kwake. Lori la kuni likaja, likapiga honi mpaka likachoka. Hakusogea. Dereva akamtukana, naye akamrudishia tusi la Kiiraqw ambalo dereva, kwa bahati yake, hakulielewa. Hasira ilikuwa imemjaa, na chini ya hasira kulikuwa na woga. Basili akifia humo ndani, mzee atamwambia nini mkewe Bernadina, anayemuuliza swali lile lile kila anaporudi?

Mwishowe mkuu wa gereza akatoka, amekunja uso. Akamtazama mzee, akalitazama lori, akawatazama watu walioanza kujaa barabarani na simu zao.

"Mtoeni huyo mgonjwa, apelekwe hospitali," akasema. "Na wengine wanaokohoa, watengeni."

Basili akaletwa amebebwa na wafungwa wawili, mifupa mitupu, kifua kikipanda na kushuka. Wakamlaza nyuma ya gari la gereza. Godlisten alishindwa kuficha furaha yake.

"Sijawahi kuona mzazi kama wewe, mzee. Mwanao ana bahati."

"Si mwanangu huyo," Mzee Hermani akasema. Alisogea mpaka kwenye gari. Basili alipomwona, akageuza uso.

"Pona, Basili," mzee akamwambia. "Pona kabisa. Halafu utuambie mtoto wetu ulimzika wapi."