Mirija Mifupi

Shemeji alichagua mirija mifupi, na hapo ndipo fundi viatu alipoanza kumtazama kwa jicho la pembeni.

Tangu ahamie kwa dada yake, mke wa fundi, kijana huyu alikuwa akimwita fundi Bwana Sisimizi mbele za watu, akicheka mpaka anashika mbavu. Leo, ghafla, amejitolea kununua mirija mipya ya kioo ya kuwekea malkia wa sisimizi ambao fundi anawafuga chumbani, na ambao walanguzi huwanunua kwa bei kubwa, kwa kuwa ile ya zamani imeota ukungu.

Fundi aliinua mrija mrefu kwenye mwanga wa duka.

"Hii ndiyo nyumba. Maji yanakaa huku nyuma, pamba inayazuia, malkia anakaa mbele na mayai yake. Anakunywa kwenye pamba miezi na miezi."

"Mrefu mno, shemeji. Ona huu." Kijana akatumbukiza mrija mfupi kwenye mfuko wa shati, akaongeza wa pili na wa tatu, kisha akasawazisha kitambaa kwa kiganja. Mirija haikuonekana hata kidogo.

"Na maji yatakaa wapi?"

"Ah, ukilowesha pamba inatosha. Kwani kwa safari ya siku mbili watakufa kiu?"

Muuzaji aliacha kufuta kaunta.

Fundi aliitoa ile mirija mfukoni mwa kijana, mmoja mmoja, taratibu, akailaza kwenye kaunta. Kisha akanyoosha mkono.

"Nipe ufunguo wa nyumba yangu, shemeji."