Skrini ya Meza ya Nne

Katika maabara ya kompyuta ya chuo kimoja, kila meza ilikuwa na skrini kubwa ukutani. Ukibonyeza kitufe kando ya kompyuta yako, taa ya kijani inawaka, na kila unachoandika wenzako wanakiona ukutani ili wachangie. Ukimaliza, unazima. Siku hiyo Mwajabu alisahau kuzima.

Aliipa skrini mgongo, akawa anamwandikia mhadhiri wao barua pepe. Tunu, aliyeketi mkabala naye, aliinua macho akaikuta ukutani: "Mwalimu, kazi ya kundi letu nimeifanya peke yangu. Tunu hakuchangia chochote. Naomba jina lake liondolewe."

Tunu aliisoma mara mbili. Sehemu yake aliihangaikia wiki tatu. Hata sehemu ya Mwajabu aliiandika yeye, Mwajabu alipolazwa na malaria, na hakumwambia mtu.

Wa meza ya tano wakageuka kuisoma. Wa meza ya sita nao wakageuka. Tunu akanyoosha mkono kukifikia kile kitufe, amsitiri mwenzake.

"Eti Tunu," Mwajabu akauliza bila kuinua kichwa, "barua ya mwalimu mtu anamalizia vipi? Wako mtiifu?"

Mkono wa Tunu ukasimama hewani, kisha akaurudisha mapajani.

"Andika wako mwaminifu," alisema.

Mwajabu akaandika. Chumba kizima kikayatazama maneno hayo yakijitokeza juu ya kichwa chake, herufi moja moja.