Maua ya Uwanjani

Tingatinga lilishawashwa, lakini Bi Zaituni mpiga picha alizidi kuwapanga watoto wa mtaa katikati ya maua ya porini yaliyojaa uwanjani baada ya masika.

"Mama, watoe watoto," dereva akasema. "Nimetumwa nifyeke hapa, wajenge maghala."

"Utafyeka nikimaliza. Huyu hajacheka bado."

Akapiga. Akawageuza, akapiga tena. Filamu ilikwisha, naye alijua, ila uso wake haukusema. Akaendelea kubofya kamera tupu, mtoto mmoja mmoja.

Hatimaye dereva akazima injini. Akashuka, akafunga vifungo vya shati, akasimama nyuma ya watoto, maua yakimfika magotini.

"Na mimi nipige, mama."

Bi Zaituni akainua kamera.

"Usitikisike," akamwambia. "Yako itachukua muda."