Doa la Buluu

Bi Sikudhani alishika kadi nyeupe nyuma ya kipande cha fuwele, na kwa mkono wa pili akazungusha skrubu. Kwa miaka ishirini alikuwa akipima mimweko ya leza, mifupi mno hata hakuna saa inayoiweza. Kila mmweko hupimwa kwa mmweko wenyewe. Unagawanywa nusu mbili, kila nusu inapita njia yake, na kioo kinasogezwa kwa skrubu hiyo mpaka zifike kwenye fuwele kwa pamoja. Zikikutana, kwenye kadi huzuka doa la buluu. Zikipishana, hakuna kitu.

"Hili hapa," alisema. "Andika, Daktari."

Daktari Lugano, aliyefundishwa kazi hii na Bi Sikudhani mwenyewe, alikuwa ameshainua kalamu alipoona boksi tupu juu ya meza, mbele ya kioo. Aliliweka mwenyewe asubuhi kuziba njia moja, akasahau kulitoa. Nusu moja ya mwanga ilikuwa haijafika kabisa, na kadi ilikuwa nyeupe tupu.

"Mbona kimya? Hulioni?"

Lugano aliliondoa boksi taratibu, lisitoe sauti. Doa la buluu likawaka katikati ya kadi. Vidole vya yule mama havikuwa vimekosea hata kidogo.

"Naliona, Mama," alisema. "Linang'aa kweli."

"Si nilikwambia?"

Bi Sikudhani akainua kadi karibu kabisa na macho, akaitazama huku akitabasamu. Lile doa lilikuwa limebaki chini, linawaka kwenye koti lake jeupe, usawa wa moyo.