Yale Yasiyoanguka

Mzee Obuya aliisukuma picha ya Koloseo irudi upande wa pili wa meza.

“Hii hapana. Imeanguka upande mmoja.”

“Lakini mzee, hii ndiyo watu wanatafuta sana,” Virginia alimwambia. “Ni chapa ya zamani, fremu ni ile ile ya kwanza, hata kioo hakijapasuka.”

“Nipatie iliyosimama.”

Virginia alicheka kidogo, akainama kutafuta nyingine. Duka lake lilikuwa ghorofa ya pili ya jengo kuukuu katikati ya jiji, nyuma ya fundi wa saa. Marehemu baba yake, Kinyanjui, alitengeneza fremu humo miaka thelathini na miwili. Alipofariki mwaka uliopita alimwachia msumeno, makopo ya gundi, na masanduku mawili ya picha za majengo ya Roma ya kale, alizonunua kwenye mnada Parklands. Kwa miezi mingi hakuna aliyezitaka. Kisha akatokea huyu mstaafu mrefu kutoka Woodley, akawa anazichukua moja moja, na kila mara alikataa magofu.

Siku hiyo alichagua daraja la mawe. Alilisogeza karibu na dirisha, akazifuata nguzo zake kwa kidole, moja baada ya nyingine, kutoka majini hadi juu.

“Miaka elfu mbili,” alisema. “Na watu bado wanapita.”

“Nikufungie?”

“Nifungie mbili, pamoja na ile ya tao. Wameongezeka.”

“Nani hao, mzee?”

“Kuna mtoto. Wa wiki tatu tu.”

Alisema hivyo akiyafuta macho. Virginia aliacha kufunga. Yeye mwenyewe alikuwa amezika, na sura ya mtu aliyefiwa aliijua.

“Pole sana, mzee.”

Obuya alitikisa kichwa, akachukua furushi lake, akashuka ngazi polepole, mkono ukipapasa ukuta.

Jumapili iliyofuata Virginia alikwenda Riruta kumwona shangazi yake, Janice, mwenye kibanda cha mboga. Mvua ilikuwa inanyesha. Ng’ambo ya barabara, chini ya ghorofa ya kupanga, mzee Obuya alikuwa amesimama peke yake bila mwavuli, kofia mkononi, machozi na mvua vikimchuruzika mashavuni.

“Unamjua huyo?” Virginia aliuliza.

“Simjui, lakini kila Jumapili ako hapo,” shangazi alijibu. “Analia, anaomba, anaenda. Nimewahi kumpelekea chai, akakataa. Nafikiri alipoteza watu wake.”

Virginia alikumbuka habari za majengo yaliyoporomoka jijini, watu wakifukuliwa kwa mikono. Alitaka kuvuka amsalimie, lakini alibaki kibandani. Angemwambia nini?

Wiki mbili zilipita bila mzee kuonekana dukani. Kisha akapiga simu, sauti ikiwa imekauka. Mguu ulikuwa umevimba, hawezi kutoka.

“Imebaki yoyote? Nahitaji moja tu. Tafadhali.”

Kwenye masanduku yalikuwa yamebaki magofu matupu. Virginia aliinua macho. Juu ya meza ya kazi ilining’inia Panteoni, hekalu la kale la Roma, na kuba lake zima kabisa, picha ambayo baba yake alikataa kuiuza hata siku alizokosa nauli. Aliitazama muda mrefu. Alasiri aliishusha, akaifuta vumbi kwa kitambaa chake cha kichwa, akaipeleka Woodley.

Mzee alimfungulia akiegemea mkongojo. Sebuleni Virginia alisimama ghafla, asiweze kusonga mbele. Kuta zote nne zilijaa Roma, kuanzia sakafuni hadi darini: matao, mahekalu, madaraja, mifereji ya maji. Chini ya kila fremu palibandikwa kipande cha karatasi kilichoandikwa kwa penseli.

*Nasimiyu, ghorofa ya nne. Lenox na Ivyne, ghorofa ya kwanza. Mutinda, bawabu.* Chini ya lile daraja la mawe: *Mtoto wa Nasimiyu.*

Palikuwa na nafasi moja tupu, karibu na mlango. Karatasi yake ilikuwa tayari: *Debra, ghorofa ya sita.*

Virginia alishindwa kuyazuia machozi. Mwaka mzima alikuwa amejiona ndiye mwenye msiba mkubwa duniani, kwa kumzika mtu mmoja.

“Hii ilikuwa ya baba,” alisema, akiifungua. “Hangeiuza. Na mimi siuzi, nakupatia. Wewe umebeba mengi kuliko mimi.”

Mzee alinyoosha kidole kwenye ile nafasi tupu. Virginia alimketisha kitini, akachukua nyundo iliyokuwa dirishani, akagonga msumari na kuitundika picha mwenyewe. Aliinyoosha hadi ikatulia. Kisha akapiga magoti kando ya kiti, akaushika mkono wa mzee.

“Tuwaombee. Ee Mungu, uwalaze hawa watu wako mahali pema—”

“Usiseme hivyo!”

Obuya alikuwa ameuchomoa mkono, macho yamemtoka kwa hofu.

“Hawajafa, Virginia,” alisema. “Wako nyumbani Riruta saa hii, wanapika chai, kwenye ghorofa sita nilizozipigia mhuri mimi mwenyewe nikiwa mkaguzi wa majengo, nikijua nguzo zake zinabeba tatu tu.”