Kidole Kilichokunjwa

Esteria alihesabu tena kwa vidole. Mkono wa kulia ukaisha, wa kushoto ukaisha, akaanza upya. Siku kumi na tisa tangu mwanawe Edgar apige simu, na Edgar, pamoja na kasoro zake zote, hajawahi kupitisha Jumapili bila kumsalimia mama yake.

Ndiyo maana asubuhi hiyo alipanda bodaboda kutoka Irente, anakoishi kwa binti yake, hadi Kwai. Mifupa ilimlalamikia kila kona.

"Shikamoo, mama." Mkwewe Elinuru alipiga goti, akampokea kikapu.

"Marahaba, mwanangu. Mumeo yuko wapi?"

"Yuko Muheza, mama. Amefuata machungwa. Simu yake imeingia maji."

Kitenge alikuwa amekivuta hadi shavuni, lakini alama chini ya jicho ilionekana. Ilikuwa imeanza kufifia. Esteria aliiona, akatazama pembeni, kama alivyotazama pembeni miaka yote minne ya ndoa yao. Aliona aibu. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, watu husema, na yeye hakumlea hivyo. Pengine bwana huyo yuko kwa mwanamke mwingine huko Muheza, anamenyewa machungwa. Afadhali iwe hivyo. Usiku alikuwa akiota mambo mabaya zaidi.

Walizunguka shamba, ukungu ukipanda kutoka bondeni. Elinuru alinyoosha kidole: karoti zile, viazi vile, banda la ng'ombe lile limeezekwa upya. Walipofika karibu na migomba alikikunja, akaelekeza kwa kifundo.

"Kwa baba nako nimefyeka."

Moyo wa Esteria ulilainika. Yeye ndiye aliyemfundisha, wiki ya kwanza ya ndoa, wakiwa wamesimama palepale penye kaburi la baba yake Edgar: kaburi la mtu wako halinyooshewi kidole, kitaoza, kidole hukunjwa. Wakwe wa siku hizi huitikia ndiyo mama, na kabla ya jioni wamesahau. Huyu hajawahi kusahau hata siku moja.

"Mwanangu," alisema, "Edgar akirudi nitasema naye. Safari hii sitanyamaza."

Elinuru alitazama miguu yake. "Asante, mama."

Nyuma ya banda Esteria aliona tuta jipya, limelimwa kwa kina, udongo mwekundu wa chini ukiwa juu. Alitikisa kichwa kwa kustaajabu.

"Kidole kimoja hakivunji chawa. Nani amekusaidia kazi yote hii?"

"Nimelima peke yangu."

"Mume ameoa mkulima kweli! Na umepanda nini?"

"Kabeji tu, mama," Elinuru alisema, akamwonyesha tuta kwa kidole kilichokunjwa.