Mgongo wa Zamda

Mwanakombo alikuwa amechora magauni maisha yake yote. Michoro yake ilibandikwa kwenye kuta za mafundi cherehani wa mji mzima: wanawake warefu, shingo ndefu, wasio na nyuso, ili kila mteja ajione yeye. Sasa alikuwa amechoka na nguo. Alitaka kuchora mtu.

Dada yake, Zamda, alikaa kwenye kigoda tangu asubuhi bila kulalamika. Alipoonyeshwa picha, aliitazama kwa muda, kisha akaguna.

"Huyu si mimi, mdogo wangu. Hili ni gauni."

Kweli. Mkono ulikuwa umemrefusha shingo na kumnyoosha mgongo, wenyewe tu, kwa mazoea.

"Sasa nikuchore na kibiongo, dada?"

"Kibiongo nimekipata kwenye cherehani, nikishona hayo uliyokuwa unachora. Usininyang'anye."

Mwanakombo alichukua kitambaa, akaufuta ule mgongo ulionyooka mpaka rangi ikamjaa viganjani. Halafu akashika brashi, akaanza upya kisogoni. Mstari ukashuka, ukapinda, ukaendelea kupinda, na yeye mwenyewe akainama nao, taratibu.